Muziki Uliopasishwa na Wizara

Ipo nchi moja, wala si mbali sana, ambayo jina lake tumeombwa tusilitaje. Nasi ni watu wa kusikia tunachoombwa, hasa tukiombwa na watu wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Katika nchi hiyo hakuna kilichokosekana. Kulikuwa na Wizara ya Furaha, kulikuwa na Mamlaka ya Mvua, na kulikuwa na Tume ya Kudumu ya Kuchunguza Tume Nyingine. Wananchi walikuwa wameshakubali kwamba wana kila kitu, mpaka siku ile Waziri wa Utamaduni, Mheshimiwa Kachwamba, aliporudi kutoka ng'ambo amenuna.

Huko ng'ambo wenyeji wake walimpeleka kwenye ukumbi wa giza. Jukwaani palikuwa na kijana mwembamba na mashine yenye vitufe na nyaya, na mashine ile ilikuwa ikitoa sauti ya friji inayokata roho. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, walikaa wakaisikiliza kwa heshima, na ilipozimika walisimama wakapiga makofi. Mheshimiwa aliuliza ile ni nini. Akaambiwa ni muziki wa kielektroniki wa majaribio. Akauliza ni majaribio ya nini. Akajibiwa kwamba hata mpigaji mwenyewe hajui, ndiyo maana anajaribu. Tangu hapo Mheshimiwa alipoteza hamu ya kula. Nchi yake ilikuwa na friji mbovu kuliko nchi zote za ukanda ule, na hakuna hata moja iliyowahi kupigiwa makofi.

Uwanja wa ndege alikuta zulia, vikundi vya ngoma na vipaza sauti, akahutubia hapohapo kabla hajapokea hata shada la maua.

"Ndugu wananchi! Wenzetu wanajaribu, sisi tumelala. Kuanzia leo, nchi hii itajaribu! Na ninawahakikishia, mbele ya kamera hizi, kwamba kila jaribio litafaulu!"

Walioelewa walipiga makofi, na wasioelewa walipiga kwa nguvu zaidi ili wasijulikane.

Ikaundwa kamati, nayo ikazunguka nchi nzima kutafuta mahali ambapo muziki wa namna hiyo tayari unafanyika. Iliukuta katika mtaa mmoja tu, na mtaa huo ni Mabondeni.

Mabondeni alikaa Semeni Lugwisha. Alikuwa na laptopu iliyopasuka kioo, kinanda kilichokosa vitufe kadhaa, na masikio ambayo hayakukosa kitu. Semeni hakununua sauti wala hakuzitafuta mbali, kwa sababu mtaa wote ulikuwa unamletea. Pale watu waliazimana sauti kama wanavyoazimana chumvi. Bi Chausiku, jirani yake mkaanga vitumbua, alikuwa akipaza sauti kutoka uani kwake, "Semeni, kimbia, leo mafuta yanalia vizuri!" na Semeni anakwenda na kinasa sauti chake. Fundi Mkumba aliwahi kukataa kutia oili cherehani yake mwezi mzima kwa sababu mlio wake ulikuwa umetajwa kuwa mtamu. Wasichana waliruka kamba mara mbilimbili, mara ya kwanza kwa ajili yao na mara ya pili kwa ajili ya Semeni.

Kila Jumamosi jioni Semeni alitoa spika nje, akazichanganya sauti hizo zote, akizivuta, akizikata, akizigeuza nyuma mbele, mpaka mafuta ya vitumbua yakawa mvua na cherehani ikawa treni. Na hapo palikuwa na desturi. Kila mtu alisubiri sauti yake ipite, na ikipita, hata ikiwa imevurugwa namna gani, mwenyewe aliitambua, akaruka na kupiga kelele, "Mimi huyo!" Hapo wengine wote walimcheza yeye, mpaka sauti ya mwingine ipite. Mtu hakuhitaji kuwa na cheo ili achezwe.

Wajumbe wa kamati walisimama pembeni wakiwa wameshika pua, wakaandika taarifa yao. Ilisema kwamba Mabondeni pana vipaji vingi lakini hapana ukumbi. Ilipendekeza ukumbi ujengwe palepale kwenye vipaji. Ili upatikane uwanja wa kuujenga, vipaji viondolewe.

Msidhani ninatia chumvi. Serikali ile ilikuwa inasoma taarifa zake mpaka mwisho, na kutekeleza.

Tingatinga lilikuja asubuhi, la njano, na nyuma yake askari. Watu walibeba walichoweza. Waliweka viti vichwani, wakafunga masufuria kwenye kanga, wakaburuta magodoro topeni, wakaita watoto kwa majina yote waliyoyakumbuka. Semeni alikuwa anapambana na kitanda chake mlangoni Bi Chausiku alipomshika mkono.

"Mwanangu, acha hicho kitanda. Vitanda vipo popote. Wewe nasa."

"Ninase nini, Bi Chausiku? Huoni wanabomoa?"

"Utunase sisi. Kesho nani atajua kama tulikuwepo hapa?"

Semeni akanasa. Alinasa mafuta yaliyokuwa bado motoni, cherehani ya Mkumba ikizungushwa kwa mara ya mwisho, kamba ya wasichana, na tingatinga lenyewe, lililokuwa linakaribia na kuyameza hayo mengine moja baada ya jingine. Siku hiyohiyo, mbele ya majirani waliokaa juu ya mizigo yao, alitoa ahadi. Wakishajenga huo ukumbi wao ataingia humo, na majirani zake watakaa viti vya mbele, na atawapiga wote, mmoja mmoja, mpaka kila mtu aruke.

Walihamia Kwa Makopo, sehemu iliyokuwa jalala na kwa harufu bado ilikuwa jalala. Upande mmoja palikuwa na ukuta, na nyuma yake palikuwa na mtaa wa Mnarani, wenye nyumba za vigae na watu wanaofunga madirisha.

Ukumbi ulipokamilika, Semeni aliitwa mbele ya Kamati ya Kupasisha Majaribio. Mwenyekiti wake alikuwa Mkurugenzi wa Sauti, Bwana Lukwaro, aliyehamishwa huko kutoka mizani ya malori kwa sababu kule nako palikuwa na kelele. Alikuwa mtu mpole. Katika nchi ile watu waliovunja vitu vingi zaidi walikuwa wapole.

"Dada Semeni, karibu. Tumesikia habari zako njema. Hebu tuambie, hili jaribio lako linaishaje?"

"Bado sijajua, Mkurugenzi. Sehemu kubwa nitaitengeneza palepale jukwaani."

Wajumbe walitazamana. Mmoja aliacha kutafuna karanga.

"Hujui?" Lukwaro alivua miwani. "Dada yangu, serikali haiwezi kushiriki jambo ambalo mwisho wake haujulikani. Hata uchaguzi hatuufanyi hivyo."

Semeni akasema basi mwisho atauleta. Wakamwambia apige. Alipiga kidogo tu, Lukwaro akainua kidole.

"Hapo katikati pamekuwa kimya."

"Ndiyo, ni pa kupumulia."

"Kimya hicho kinamsema nani?"

"Hakimsemi mtu, Mkurugenzi. Ni kimya."

"Mtu akinyamaza mbele ya Mheshimiwa, ana lake jambo. Kitolewe. Watu watapumua wakifika nyumbani kwao."

Kisha wakaja kwenye sauti zenyewe, kwa sababu kanuni ilitaka kila sauti iwe na mwenyewe na kila mwenyewe awe na makazi.

"Hii ni nini?"

"Ni mafuta ya Bi Chausiku."

"Anaishi wapi?"

"Alikuwa Mabondeni."

"Mabondeni haipo."

"Si mliibomoa?"

"Ndiyo maana haipo," alisema Lukwaro, kwa utulivu wa mtu aliyeshinda mdahalo. "Sauti haiwezi kutoka mahali pasipokuwepo. Ifutwe. Inayofuata?"

Cherehani ilifutwa, kwa kuwa nayo ilitoka mahali pasipokuwepo. Kamba ilifutwa kwa sababu hiyohiyo, na mjumbe mmoja aliongeza kuwa ina mzaha ndani yake. Zilifutwa sauti za mtaa mzima na karanga hazijaisha kwenye sahani. Ikabaki sauti moja. Waliiacha iende kidogo, na mjumbe aliyekuwa amesinzia akazinduka na kusimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti! Hiyo ni mali ya serikali!"

Wote wakasimama. Naam, lilikuwa tingatinga. Lilikuwa na namba za usajili, lilikuwa na makazi ya kudumu katika yadi ya Wizara ya Ujenzi, na dereva wake alikuwa mtumishi mwenye pensheni. Halikupata hata pingamizi moja.

"Na mwisho wake unajulikana," alisema Lukwaro, akiketi kwa furaha. "Mwisho wake tumeuona sote. Hongera sana, dada. Jaribio lako limepasishwa."

Semeni angeweza kuondoka siku ile, na wengi wangeondoka. Lakini majirani zake walikuwa wanaitegemea ahadi yake, na kule Kwa Makopo kila alipopita aliulizwa lini. Kwa hiyo alibaki. Zile sauti zilizofutwa alikuwa na nakala zake kwenye flashi ndogo, akaipachika ndani ya kilemba. Alipanga kuanza na tingatinga kidogo tu, ili wakubwa waridhike, kisha apachike flashi na kuwarudisha watu wake wote ukumbini. Wakimfunga wamfunge, watu wake watakuwa wameshajisikia.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Kachwamba mwenyewe, aliyechelewa kwa kiasi kinachostahili cheo chake. Majirani wa Semeni waliletwa kwa malori ya halmashauri, maana mgao wa waalikwa ulitaka pia wawepo "wananchi wa kawaida". Waliketishwa nyuma kabisa. Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, na watu waliovikalia walikuwa na maji ya chupa. Ukumbi ule wote ulikaa juu ya Mabondeni. Bi Chausiku alipopima kwa macho, aliona kuwa uani kwake ndipo palipo choo cha wageni mashuhuri, akasema heri hata hivyo, angalau pana maji.

Mheshimiwa alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa kumtaja kila mtu.

"Wapo wanaosema kwamba muziki huu ni kelele," alimalizia. "Mimi nawauliza, kelele ni nini? Kelele ni maendeleo ambayo bado hujayazoea! Sasa na tujaribu, kwa utulivu na kwa mujibu wa sheria!"

Semeni alipanda jukwaani. Bwana Lukwaro alisimama ubavuni pake, karibu kama mchumba, kuhakikisha kwamba kinachojaribiwa ndicho kilichopasishwa. Semeni akabonyeza kitufe.

Spika za ukumbi zilikuwa kubwa kama kabati, kwa vile aliyeziagiza aliamini kwamba ubora hupimwa kwa kreni. Tingatinga lilianza kwa mbali, likakohoa, likashika gia, likaja. Sakafu ilitetemeka. Maji yalicheza ndani ya chupa za mstari wa mbele.

Huko nyuma hakuna aliyefikiri. Bi Chausiku alikuwa wa kwanza kusimama. Alinyakua kiti chake, akakipachika kichwani, akapiga ukelele, "Wanakuja! Toeni watoto!" Fundi Mkumba alibeba mtoto asiyekuwa wake. Kina mama walifunga vitu visivyokuwepo kwenye kanga zao. Wazee walikimbia wameinama, wakijikinga vichwa kwa mikono, na wote walikwenda upande mmoja, ule uliokuwa wazi siku ile walipobomolewa. Semeni alipeleka mkono kuzima. Lukwaro akaudaka.

"Usiguse!" alimnong'oneza, macho yakimng'aa. "Linafaulu!"

Kwenye mstari wa mbele Mheshimiwa aligeuza shingo, akaona vichwa vyenye viti vikipita kwa kasi ya ajabu.

"Hii nayo ni nini?" alimuuliza msaidizi wake.

"Itakuwa ndiyo majaribio, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akaikumbuka aibu ya ng'ambo. Hakutaka kuwa mtu wa mwisho kuelewa ndani ya nchi yake mwenyewe. Alisimama, akanyanyua kiti chake chenye utepe, akakiweka kichwani, akatimka. Naibu wake akafuata, kisha makatibu wakuu, kisha makamishna kwa kufuata vyeo. Jaji mmoja mnene alijaribu kupita mbele akarudishwa nyuma na afisa itifaki. Walitoka nje wakauzunguka ukumbi wakikimbia na viti vyao, wakipiga kelele "Toeni watoto! Toeni watoto!" kwa sauti za watu ambao watoto wao wanasoma nchi nyingine. Lukwaro alishindwa kujizuia, akauacha mkono wa Semeni, akachukua stuli ya kinanda na kwenda nayo.

Ukumbi ukabaki mtupu. Semeni alizima tingatinga, akatoa flashi kilembani, akaipachika. Mafuta ya Bi Chausiku yakachemka katika spika zile kubwa, yakageuka mvua, na Semeni alikuwa hajawahi kuyasikia mazuri hivyo. Cherehani ikapita, kamba ikapita. Aliacha na kile kimya chake katikati. Kila sauti ilipopita alitazama viti vya nyuma, na hapakuwa na mtu wa kuruka. Wenye sauti walikuwa wameshafika barabara kuu na bado wanakimbia. Semeni alikaa chini pale jukwaani akalia, na hakujali nani atamwona.

Tuzo ya kwanza ya Majaribio ya Taifa lilipewa tingatinga. Waziri alilivisha nishani kwenye koleo lake la mbele, akampa mkono dereva, ambaye alisema hakutarajia. Zile mbio za viti zikapewa jina, Mbio za Maendeleo, zikafundishwa mashuleni, zikachezwa harusini na kwenye mikutano ya chama. Wageni kutoka ng'ambo walipokuja, watu wa Kwa Makopo waliitwa ukumbini wakimbie mbele yao kwa malipo ya sahani ya pilau na fulana. Wageni waliandika kwamba hawajawahi kuona hofu iliyoigizwa kwa ukweli namna ile. Semeni alipewa cheo cha Mama wa Majaribio, akazunguka maofisini kueleza kwamba haikuwa ngoma. Kila ofisi ilimsifu kwa unyenyekevu wake.

Majaribio yalipostawi, ukumbi ukahitaji tawi. Kamati ikazunguka tena kutafuta mahali penye vipaji, na safari hii haikupata taabu. Vipaji vyote vilikuwa Kwa Makopo.

Tingatinga lilifika asubuhi, nishani yake inang'aa. Bi Chausiku aliusikia mngurumo akiwa na kikaango motoni, akadhani wanafanya mazoezi, mpaka ukuta wa jikoni ukamjia. Watu wakabeba viti, masufuria, magodoro. Walikimbia kuelekea ukuta wa Mnarani, na juu ya ukuta huo wenyeji wa Mnarani walikuwa wameshapanga foleni, wamewabeba watoto mabegani, wanapiga makofi kwa mdundo.

"Si ngoma hii, jamani!" Bi Chausiku aliwapigia kelele. "Tunavunjiwa! Tufungulieni geti!"

"Leo wameongeza na maneno," alisema mama mmoja wa Mnarani kumwambia mwenzake, na makofi yakazidi.

Semeni alipanda tofali, akaishika mikono ya mzee mmoja aliyevaa pajama ya hariri. "Baba, nakuomba. Ni kweli. Tunabomolewa kweli. Acha kupiga makofi."

Mzee alimtazama kwa mapenzi. "Binti, una kipaji wewe," alisema, akaitoa mikono yake taratibu na kuendelea kupiga.

Bwana Lukwaro alifika mambo yameshakwisha, akiwa na mgeni wa heshima aliyechelewa kwa sababu ya kifungua kinywa. Aliangalia vumbi, akaangalia watu waliokaa juu ya mizigo yao, akamwendea dereva.

"Mgeni hajaona kitu. Rudia kuanzia mwanzo."

"Mkurugenzi, hakuna cha kurudia. Nyumba zimekwisha."

Lukwaro alisononeka. Hapo akasikia makofi, akainua macho ukutani.

"Na kule ni wapi?"

"Kule ni Mnarani, mzee."

"Wasikilize walivyoshika mdundo," alisema Lukwaro. "Wale wana vipaji."

Dereva akapiga gia, akageuza. Semeni alikuwa bado juu ya tofali lake, akaona furaha ya watu wa Mnarani walipoona tingatinga lenye nishani linawajia wao, wakawainua watoto juu zaidi ili waone vizuri. Makofi yaliendelea hivyo kwa muda. Halafu koleo likagusa ukuta, makofi yakaanza kukatika mtu mmoja mmoja, na mzee wa pajama akashuka haraka akiuliza viti viko wapi.